Kwa nini China ya Qing iliungua kutoka ndani

Swali: "Mimi ni mwalimu wa historia wa kidato cha tano na cha sita. Tulipokuwa tukijadili China ya karne ya 19, mwanafunzi mmoja alisema kwamba vita vya Taiping, yaani uasi wa 1851 hadi 1864 dhidi ya nasaba ya Qing, vilivyoangamiza watu zaidi ya milioni 20, vilitokana na watu kuwa wengi kupita kiasi. Nilimjibu kwamba chanzo ni kasumba, ile dawa ya kulevya, na Waingereza walioiuza. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, wingi wa vijana katika nchi zetu unaweza kutufikisha huko?"

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameukaribia ukweli kuliko wewe, ingawa sababu aliyoitaja, kwa namna alivyoitaja, haitoshi. Kasumba na mizinga ya Waingereza viliikuta nyumba ambayo nguzo zake zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa, na mchwa hao walikuwa kazini kwa miaka isiyopungua 60 kabla ya meli za kivita za Uingereza kuja kupigana mbele ya Guangzhou, bandari kuu ya kusini.

Tuanze na hesabu. Takwimu za zamani za China zinahitaji tahadhari, kwa kuwa kwa muda mrefu serikali ilihesabu walipa kodi na si vichwa vyote. Hata hivyo, makadirio yanayokubaliwa na wanahistoria wengi yanataja watu wapatao milioni 150 mwaka 1700, milioni 300 hivi mwishoni mwa karne hiyo, na takriban milioni 430 ilipofika 1850. Ongezeko hilo lilikuwa tunda la mafanikio. Nasaba ya Qing ilishika dola mwaka 1644, na vita vya kuutwaa utawala vilipokwisha kulifuata amani ya ndani iliyodumu zaidi ya miaka mia. Mwaka 1712 mfalme Kangxi aliamuru kiwango cha kodi ya kichwa kisipande tena hata watu wakiongezeka. Mahindi, viazi vitamu na karanga, mazao yaliyotoka Amerika kwa njia ya wafanyabiashara wa Kireno na wa Kihispania, yaliwawezesha wakulima kuishi kwenye miteremko ambayo mpunga usingeota.

Waliokuwa na macho waliona mapema. Mwaka 1793, miaka mitano kabla ya Malthus kuchapisha huko Uingereza hoja yake kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, ofisa mmoja aitwaye Hong Liangji, msimamizi wa elimu katika jimbo la Guizhou, aliandika insha fupi ambayo mimi huwasomea wanafunzi wangu kila mwaka. Chukua mtu mmoja, asema, wa zama za mababu, mwenye nyumba ya vyumba kumi na shamba moja kubwa. Akioa wanakuwa wawili, na wawili hao wanaishi kwa nafasi na kula kwa kusaza. Akizaa watoto watatu wa kiume na wote wakaoa, wanakuwa wanane, na kwa kuwa watu wanane hawakosi vibarua, wanafika kumi. Vyumba vinatosha kwa shida na chakula kinatosha kwa shida. Wajukuu nao wakishaoa, hata ukiwaondoa wazee waliokwisha kufa, ndani ya nyumba ileile na juu ya shamba lilelile kuna watu zaidi ya ishirini. Miaka sita baadaye Hong Liangji alimwandikia mfalme Jiaqing barua ya kuukosoa uongozi wake, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa uhamisho wa Yili, mpakani kabisa mwa magharibi, kabla ya kusamehewa mwaka uliofuata. Serikali ilikuwa bado na masikio, lakini ilikuwa ikichelewa kuyatumia.

Hata hivyo, mwanafunzi wako asifurahi haraka. Katika miaka ileile ambayo China iliongezeka karibu mara tatu, Uingereza nayo, nikimaanisha England peke yake, ilitoka watu milioni sita hivi katikati ya karne ya 18 na kukaribia milioni 17 mwaka 1851. England ilikuwa na migomo na maandamano, ilikuwa na njaa na watoto waliofanya kazi migodini, lakini haikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sisi wenyewe, kwa kuwa umeuliza habari za nchi zetu, Tanzania ilihesabu watu milioni 12.3 katika sensa ya 1967 na milioni 61.7 katika sensa ya 2022, yaani mara tano ndani ya miaka 55, kasi ambayo China ya Qing haikuikaribia hata katika miongo yake ya neema, kwani yao haikufikia asilimia moja kwa mwaka. Kama wingi peke yake ungekuwa unaua, China ingekuwa mfano mdogo sana wa maafa hayo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: hao watu waliozaliwa walitazamia kuwa nani walipofika umri wa miaka 25, na njia ya kufika huko ilikuwa na upana gani?

Kijana wa kiume katika China ya wakati ule alihesabiwa mtu mzima kwa kupata shamba, kwa kuoa na kuendeleza jina la ukoo, na, kwa aliyepelekwa shule, kwa kufaulu mtihani wa serikali. Upana wa njia zote hizo ulikuwa umewekwa na dola au na mila tangu watu walipokuwa thuluthi moja ya idadi yao ya 1850.

Juu ya ardhi sitakaa sana, kwa maana hadithi yake inafahamika kwa yeyote aliyeona mlima ukikatwa miti. Waliokosa nafasi mabondeni walipanda milimani, hasa katika nyanda za juu zinazopakana na mto Han, katikati ya China, wakajenga mabanda, wakafyeka misitu na kupanda mahindi, na baada ya misimu michache udongo ukashuka na mvua kujaza mito na kusababisha mafuriko kwa wale waliobaki chini. Ni katika milima hiyo ya wahamiaji, mahali ambapo hapakuwa na koo za kale wala ofisi ya serikali iliyo karibu, ndipo uasi wa Lotasi Nyeupe, madhehebu ya siri, ulipolipuka mwaka 1796 na kuendelea hadi 1804, ukimaliza akiba ya hazina iliyokuwa imewekwa kwa vizazi. Ardhi pana ya Manchuria, kaskazini-mashariki, nyumbani kwa ukoo wa kifalme, ilibaki imefungwa kisheria kwa wakulima wa Kichina mpaka miaka ya 1860. Wapo waliopenya kwa siri, lakini mlango ambao ungeweza kupunguza msongamano ulifunguliwa wakati moto ulikwisha kuwaka.

Kuhusu ndoa, mfano ulio wazi zaidi ni Huaibei, nchi tambarare kaskazini ya mto Huai, inayofurika mwaka huu na kukauka mwaka ujao. Familia maskini huko ziliwaua watoto wachanga wa kike, au ziliwanyima matunzo hadi wakafa, kwa hesabu ya kikatili kwamba binti atalishwa kwa miaka 15 kisha akawafanyie kazi watu wengine. Na wanaume wenye uwezo walichukua wake wadogo juu ya wake wakubwa. Makadirio yanayotumiwa na wanahistoria yanataja wanaume 129 kwa kila wanawake 100 katika eneo hilo. Wachina wana jina la kapera maskini asiye na matumaini ya kuoa: guanggun, fimbo tupu, mti usio na tawi wala jani. Fimbo tupu hana mashemeji wa kumsihi atulie, hana mtoto wa kumrudisha nyumbani jioni, hana shamba linalomngoja apalilie. Anachoweza kukitoa ni nguvu zake, na katika Huaibei aliyekuwa tayari kuzinunua alikuwa kiongozi wa kundi la magendo ya chumvi. Vikundi hivyo vilianza na watu kumi au ishirini, wakirudi vijijini wakati wa mavuno. Kufikia 1851 vilikuwa vimeungana kuwa uasi wa Nian, ambao serikali iliumaliza mwaka 1868 tu.

Nisieleweke vibaya: wengi wa makapera hao hawakumgusa mtu, na waliozeeka wakilima mashamba ya kaka zao ni wengi kuliko walioshika mkuki. Nasema tu kwamba anayetaka kuunda jeshi bila mshahara, pale angelipata.

Sasa nifike kwenye mtihani, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha jambo, na ambao vitabu vyetu vya shule huutaja kwa mstari mmoja kama pambo la utamaduni. Daraja la kwanza la usomi, shengyuan, ambalo watu wa kawaida waliliita xiucai, lilimpa mtu vazi lake maalumu, msamaha wa viboko mbele ya hakimu, msamaha wa kazi za lazima, na heshima ya kuzungumza na mkuu wa wilaya akiwa amesimama na si kwa kupiga magoti. Ukoo mzima uliinuka naye. Lakini kila wilaya ilikuwa na idadi maalumu ya nafasi, isiyozidi 20 au 25 hata kwa wilaya kubwa, mara mbili katika kila miaka mitatu, na idadi hiyo haikufuata ongezeko la watu. Waliofaulu walikuwa mmoja au wawili katika kila mia waliojaribu. Hao waliofaulu nao walikabiliwa na mtihani wa jimbo, kisha wa mji mkuu, ambako katika kila awamu walipita watu 200 au 300 kwa himaya nzima. Juu kabisa palikuwa na vyeo vya utawala vipatavyo 20,000 tu. Wilaya zenyewe hazikuongezwa ila kidogo, kiasi kwamba mkuu wa wilaya mmoja, pamoja na wasaidizi rasmi wachache, alijikuta akitawala watu 200,000 au zaidi. Serikali ilipopungukiwa na fedha ikaanza kuuza shahada za usomi kwa wenye mali, na hapo aliyesoma kwa taa ya mafuta kwa miaka 20 akamwona mtoto wa mfanyabiashara akipita mbele yake.

Mtazame mmoja wao. Hong Xiuquan alizaliwa mwaka 1814 katika wilaya ya Hua, kaskazini ya Guangzhou, mtoto wa wakulima wa kabila la Hakka. Alikuwa na akili, na ndugu walichanga ili asome, kama tunavyochanga sisi kwa kijana mmoja wa ukoo tukitumaini atatuvuta wengine. Alifanya mtihani mwaka 1827 akaanguka. Akawa mwalimu wa kijiji, akarudi Guangzhou 1836, akaanguka tena. Njiani mjini alipewa vijitabu vya Kikristo vilivyoandikwa na Mchina aliyebatizwa, akaviweka bila kuvisoma kwa makini. Mwaka 1837 alianguka mara ya tatu, akarudishwa nyumbani akiwa amebebwa kwenye machela, akalala mgonjwa kwa wiki kadhaa akiona maono ya mzee mwenye ndevu za dhahabu aliyemkabidhi upanga wa kuwaua mashetani. Mwaka 1843 akaenda mara ya nne, akaanguka mara ya nne. Alikuwa na umri wa miaka 29. Ndipo alipovifungua vijitabu vile, akasoma, na akajiona ameyaelewa maono yake: mzee yule ni Mungu Baba, na yeye Hong ni mdogo wake Yesu.

Mwalimu mmoja aliyeshindwa mtihani na kudai undugu na Yesu angeishia kuchekwa sokoni. Rafiki yake Feng Yunshan, naye mwalimu aliyeshindwa mtihani, ndiye aliyeyapeleka mafundisho hayo mwaka 1844 katika milima ya Guangxi, jimbo jirani, na huko akawakuta wale waliokuwa wakingoja mtu wa kuwapanga: wachoma mkaa, wachimba madini, wakulima wa Hakka waliofika baada ya ardhi nzuri kuchukuliwa na wenyeji. Neno Hakka lenyewe maana yake ni familia za wageni, na waliitwa wageni hata baada ya kuishi mahali kwa vizazi. Yang Xiuqing, aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi yao, alikuwa mchoma mkaa. Mapema katika mwaka 1850 waumini hao walikuwa jumuiya ya dini. Kilichowageuza jeshi ni ugomvi wa wilaya ya Guixian mwaka huohuo, kati ya Hakka na wenyeji, ambao inasimuliwa ulianzia kwa msichana aliyekwisha kuposwa na mwanamume mwingine, akachukuliwa na tajiri wa Kihakka kuwa mke mdogo. Hakka wakashindwa, nyumba zao zikachomwa, na maelfu ya waliofukuzwa wakakimbilia kwa watu wa Hong kwa sababu ndio waliokuwa na chakula cha pamoja na silaha. Tarehe 11 Januari 1851, katika kijiji cha Jintian, ukatangazwa Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu, na hiyo Amani Kuu ndiyo maana ya Taiping. Machi 1853 waliuteka mji wa Nanjing, wakaufanya makao makuu, na moja ya kazi zao za mwanzo humo ilikuwa kuandaa mitihani yao wenyewe ya kupata maofisa, maswali yakitolewa katika maandiko ya Hong. Huwa nacheka kila ninapofika hapo, kisha nacheka kidogo tu.

Je, kasumba yako, Mwalimu, iko wapi katika haya? Ipo, na nafasi yake ni ya kiberiti. Madini ya fedha yalitoka nje kulipia kasumba, na ingawa zipo sababu nyingine za uhaba wake, matokeo yalimfikia mkulima moja kwa moja. Aliuza mpunga wake kwa sarafu za shaba lakini kodi yake ilikadiriwa kwa madini hayo ya fedha, na kipimo cha fedha kilichokuwa sawa na sarafu 1,000 kilifika 2,000 na kupita katika miaka ya 1840, kwa hiyo kodi ilipanda maradufu bila mtu yeyote kuipandisha. Mkataba wa Nanjing wa 1842, uliomaliza Vita vya Kasumba kati ya Uingereza na China, ulifungua bandari tano, biashara ikahamia Shanghai, na mahamali na wapiga makasia waliokuwa wakisafirisha chai na hariri kutoka bara hadi Guangzhou wakabaki bila kazi. Manowari za Kiingereza zilipowafukuza maharamia pwani, wakapanda mito na kuingia Guangxi. Mgambo waliokusanywa kupigana na Waingereza waliachiliwa bila chochote mkononi zaidi ya ujuzi wa silaha. Mambo haya yote yaliangukia majimbo mawili ya kusini, Guangdong na Guangxi, ambayo tayari yalikuwa na Hong, Feng na wachoma mkaa wao. Bila kasumba nadhani kungekuwa na maasi, kwa kuwa Lotasi Nyeupe walizuka wakati biashara ya kasumba ilikuwa bado ndogo, miaka mitatu tu baada ya mfalme kumjibu balozi wa Uingereza kwamba China haihitaji bidhaa zake. Ila nina mashaka kama yangefika Nanjing.

Vita hivyo vilidumu hadi Julai 1864. Makadirio ya waliokufa ni kati ya milioni 20 na 30, walio wengi kwa njaa na magonjwa na si kwa upanga, na sehemu za bonde la chini la mto Yangzi zilibaki mapori ambamo baadaye wahamiaji walipewa mashamba yasiyo na mwenyewe. Wakati huohuo Waislamu wa Yunnan walikuwa wameasi tangu 1856, na wa kaskazini-magharibi tangu 1862, huku Hakka na wenyeji wa Guangdong wakiuana katika vita vyao wenyewe kuanzia 1855. Mwaka huo wa 1855, kana kwamba hayo hayatoshi, Mto Manjano ulivunja kingo zake na kuhama mkondo.

Hapa ndipo penye funzo la pili ambalo ningependa uwape wanafunzi wako, linalohusu kudhoofika kwa dola baada ya ushindi. Majeshi ya kifalme yalishindwa. Aliyeokoa nasaba ni Zeng Guofan wa Hunan, msomi aliyefaulu mtihani wa juu mwaka 1838, mwaka mmoja baada ya Hong kuanguka mara ya tatu. Alikusanya wasomi wa jimbo lake wawe makamanda na wakulima wa vijiji vyao wawe askari, kila askari akimjua kamanda wake kwa jina la ukoo, na akawalipa kwa ushuru mpya wa bidhaa uliotozwa njiani na majimbo yenyewe. Jeshi hilo lilishinda kwa sababu liliwapa vijana walewale cheo, mshahara na watu wa kuwategemea. Lakini mshahara ulitoka kwa gavana, utiifu ukaenda kwa gavana, na Beijing haikuweza tena kuurudisha ushuru ule mikononi mwake. Katika miaka hiyo serikali iliongeza nafasi za mtihani kwa majimbo yaliyochangia vita, hatua ambayo ilipunguza manung'uniko kwa muda na kuzalisha wasomi wengi zaidi waliongojea vyeo vilevile 20,000.

Kuhusu swali lako la mwisho, sitakutabiria. Nitakachosema ni kwamba ukitaka kuipima nchi yoyote kwa mfano huu, usihesabu vijana peke yao. Hesabu pia wahitimu na nafasi zinazowangoja, umri wa mwanamume anapoweza kulipa mahari, na kama mji, mpaka au kazi ya baharini bado vinamfungulia aliyekosa shamba. Qing walifungiwa, na kwa kiasi kikubwa walijifungia, pande zote hizo kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra.

Mwaka 1905 serikali ilifuta mitihani yote, miaka sita tu kabla ya mwisho wake, na vijana waliokuwa wamejiandaa tangu utotoni wakaachwa na elimu isiyo na mlango wowote. Baadhi walikwenda Japani, baadhi wakaingia katika jeshi jipya la kisasa lililokuwa likiandikisha watu wanaojua kusoma. Jeshi hilo, katika jimbo la Hubei, ndilo lililoanzisha uasi mjini Wuchang usiku wa tarehe 10 Oktoba 1911, na tarehe 12 Februari 1912 mfalme wa mwisho, mtoto wa miaka sita, akaachishwa kiti. Mmoja wa walioandikishwa katika wilaya ya Huangpi, jimboni humo, mwaka ule mitihani ilipofutwa, alikumbuka baadaye kwamba walichukuliwa watu 96 kuwa askari wa kawaida, na kati yao 24 walikuwa xiucai na wengine 12 walikuwa wasomi wa daraja lililo juu kidogo ya hilo, lililokuwa likilipwa posho ya serikali.